Bi Rula na Uso wa Kopo

Tarehe thelathini ya mwezi huu Bi Rula anafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Ameitumikia ofisi yetu kwa miaka thelathini na minne, yote katika Kitengo cha Lebo, na yote kwenye meza ileile iliyobanwa kati ya kabati la mafaili na mlango wa stoo ya sampuli. Sisi wa maabara, majirani zake wa ng'ambo ya korido, ndio tuliopewa kazi ya kumwandikia wasifu huu. Yeye amesoma maneno ya watu wengine maisha yake yote, na sasa imefika zamu yake ya kusomwa.

Msidhani alikubali kirahisi. Rasimu ya kwanza tulimpelekea mezani kwa heshima zote, ikarudi imechorwa mistari kila mahali. Tulipoandika kwamba yeye ni "mfanyakazi bora kuliko wote", alitaka kujua hao wote walishindanishwa lini na nani aliyesimamia. Tulipoandika kwamba "hajawahi kukosea", alikata sentensi nzima kwa wino mzito, akasema hiyo ndiyo hasa isiyoruhusiwa kuchapwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hiki ulichoshika kimepita kwa mkaguzi. Kilichomo ndicho kilichoandikwa.

Kwa mliojiunga nasi juzijuzi, ofisi yetu ndiyo inayoruhusu chakula cha mbwa na paka kiingie madukani. Sisi wa maabara tunafungua kopo na kupima kilichomo ndani. Kitengo cha Lebo hakifungui chochote. Kinasoma kilichoandikwa nje na kuuliza kama ni kweli. Tumetaniana juu ya hilo miaka nenda miaka rudi. Sisi tunasema wao wanakula kwa macho, wao wanasema sisi tunanuka samaki, na kwa hilo la pili kwa kweli hatuna utetezi.

Alipoajiriwa alikuwa binti mwembamba, mkimya, aliyeambiwa akae hapo kwa muda tu mpaka nafasi ipatikane upande wa vyakula vya binadamu. Nafasi ilipatikana. Ilikuwa na ofisi yenye dirisha na kiti cha kuzunguka. Akaikataa. Mkuu wake wa wakati huo alimuuliza kama ana akili timamu, naye akajibu kwamba binadamu akidanganywa anaweza kurudi dukani akagomba, lakini mbwa atarudi na nani? Kiti cha kuzunguka alipewa mtu mwingine.

Jina la Bi Rula alibatizwa na dereva wetu. Herufi za lebo zina kimo chake kisheria, na yeye haamini macho, anapima. Rula yenyewe ni ya plastiki, fupi, imekatika pembe moja, na haijapata kutoka kwenye mkoba wake isipokuwa kwa kazi. Siku moja dereva alimkuta mbele ya ubao wa matangazo, anapima herufi za tangazo la msiba kuona kama jina la marehemu linasomeka tokea getini. Jina likaanzia hapo. Mwanzoni lilikuwa la kumsengenya. Siku hizi hata mkurugenzi analiandika kwenye mialiko ya vikao.

Ukimwalika kwenye sherehe, jiandae. Katika siku ya kuzaliwa ya binti wa mhasibu wetu, aliigeuza chupa ya juisi kabla ya kumimina, akasoma, kisha akawaeleza watoto kwa upole kabisa kwamba hiyo si embe, ni maji yenye ladha ya embe. Wawili waliangua kilio. Mhasibu alimnunia kwa muda mrefu, ingawa tangu siku hiyo naye hamimini juisi bila kugeuza chupa. Tumemwona kwa macho yetu, hata akatae.

Neno "ladha" ndilo adui yake wa zamani. Sheria inasema hivi, na kila mwajiriwa mpya alifundishwa mpaka akaiota: ukiandika "Nyama ya Ng'ombe kwa Mbwa", basi karibu kopo zima liwe nyama ya ng'ombe. Ukiandika "chakula chenye nyama ya ng'ombe", kiasi kidogo tu kinatosha. Na ukiandika "ladha ya nyama ya ng'ombe", huenda ng'ombe alipita tu jirani na kiwanda, mradi mbwa aitambue hiyo ladha. Viwanda vinalijua hilo vizuri. Ndiyo maana utakuta NG'OMBE ameujaza mfuko mzima kwa herufi nyekundu, na "ladha ya nyama ya" imejikunyata juu yake kwenye kona. Bi Rula aliirudisha mifuko ya namna hiyo mingi mno, mpaka mpiga chapa mmoja akafunga safari kuja kuonyeshwa huyo mwanamke ni nani. Alimkuta, wakanywa chai, akaondoka na mfuko wake umerudishwa tena.

Kulikuwa na kile kiwanda kilicholeta mfuko wenye picha ya kuku mzima wa kuokwa, anang'aa mafuta, wakati ndani kuku alikuwa ladha tu. Bi Rula aliandika swali la mstari mmoja: kuku yuko wapi? Akaja bwana wa mauzo na suti yake, akaeleza kwa ufasaha kwamba ile picha si kuku, ni furaha. Basi Bi Rula akamshauri kwamba kama wanauza furaha, wachore mbwa anayecheka. Yule bwana aliondoka amekasirika. Lakini wakachora. Mfuko wa mbwa anayecheka mpaka leo uko madukani, unanunuliwa kuliko yote ya kiwanda hicho, na wenyewe wanasema wazo lilikuwa lao.

Na kwenye suala la mbwa kuitambua ladha, hapo ndipo sisi wa maabara tulipoaibika. Mnyama alitakiwa awekewe bakuli mbili, moja yenye ladha na nyingine isiyo nayo, aonyeshe kwa tabia yake kwamba anaona tofauti. Tulimtumia mbwa wa dereva, mbwa mchangamfu, asiye na makuu. Kila tulichoweka alikishangilia kwa mkia, nasi tukawa tunaandika matokeo mazuri mazuri. Bi Rula, aliyekuwa amekaa pembeni na kalamu yake, akainuka, akaweka bakuli ya tatu. Ndani yake ilikuwa sifongo ya kuoshea vyombo. Mbwa akaishangilia vilevile, akaanza kuitafuna kwa raha zote, ikabidi tumnyang'anye. Aliondolewa kazini siku hiyohiyo, na dereva akanuna kana kwamba aliyefukuzwa ni yeye.

Hapa rasimu yetu ya kwanza ilikuwa inakaribia kwisha. Kisa cha paka tulikuwa tumekiweka chini kabisa, kwa mistari miwili, tukidhani tunamstahi. Alikirudisha na agizo fupi, kwamba jambo kubwa lisiwekwe nyuma ya kopo. Haya basi, tunalileta mbele.

Mama mzazi wa Bi Rula anaishi mitaa michache kutoka hapa ofisini, kwenye nyumba yenye kibaraza chembamba na mlango wa kijani. Wengi wenu mmeionja chai yake. Anaye paka anayemwita Mpangaji, kwa sababu aliingia siku ya mvua, akachagua kiti kizuri kuliko vyote, hajatoka mpaka leo wala hajalipa kodi. Mama huyu amelea watoto na wajukuu, lakini tuseme ukweli, hakuna aliyedekezwa kama Mpangaji.

Jumapili moja Bi Rula alikwenda kumsalimia mama yake, akamwona Mpangaji anagonga miguu ya meza. Mama alisema anadeka tu. Bi Rula akapitisha kidole mbele ya macho ya paka, na paka hakugeuka. Wakamtia kwenye kikapu, wakampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari akamulika macho, halafu akauliza huyu anakula nini. Mama akatoa kopo kwenye mkoba wake kwa fahari, maana alikuwa amekuja nalo makusudi ili daktari aone jinsi paka wake anavyotunzwa. Kopo la rangi ya dhahabu, lenye samaki, na picha ya taji usoni. Tangu alipolionja, Mpangaji alikuwa hataki kingine, na mama hakumpa kingine.

Daktari aliwaeleza taratibu. Kuna kitu ambacho mwili wa mbwa unajitengenezea wenyewe, lakini wa paka hauwezi kujitosheleza. Lazima akipate kwenye chakula, na asipokipata kwa muda mrefu macho yanakufa polepole kutokea nyuma. Kopo lile halikuwa nacho cha kutosha. Wala halikudai kuwa nacho. Lilikuwa kitafunio, cha kumfurahisha paka mara mojamoja, na lilisema hivyo lenyewe, upande wa nyuma, chini ya uzito, juu ya anwani ya kiwanda: "Kwa kulisha mara mojamoja. Si chakula kamili."

Bi Rula hakuhitaji kuyasoma maneno hayo. Alikuwa ameyapima mwenyewe, kwa rula ileile, akakuta kimo kinatosha na mahali panaruhusiwa, akagonga muhuri. Alama ya idhini ya ofisi yetu ilikuwa palepale ubavuni mwa kopo. Na mama, akiwa bado amempakata paka wake, akasema bila ubaya wowote kwamba hata yeye kilichomvuta ni hiyo alama ya kazini kwa mwanawe. Alipoiona tu alijua limepita kwake, akaacha kuuliza.

Tunaomfahamu tunajua maneno hayo yalimkata kiasi gani. Jumatatu asubuhi aliliweka kopo lile, tupu, katikati ya meza ya chai. Akatuambia, "Hili halina kosa hata moja. Na paka wa mama amepofuka." Mkuu wa maabara yetu alijaribu kumpoza, akamkumbusha kwamba sheria ilifuatwa herufi kwa herufi. Alimjibu kwamba hicho ndicho kinachomnyima raha.

Hakuweza kuliondoa kopo lile sokoni, kwa kuwa lilikuwa halali. Hakuweza kumrudishia Mpangaji macho. Mama naye hakumlaumu hata siku moja, na afadhali angemlaumu. Alichofanya mama ni kuacha kuiamini alama. Kila akitaka kununua kitu alimpigia binti yake simu kwanza, tena kazini, hata kama ni sabuni ya kufulia, amuulize kama ni kizuri kweli. Bi Rula alizipokea simu hizo kwa upole wote, na akishakata alikaa kidogo bila kugusa kazi. Tangu wakati huo alitaka jambo moja tu, mama yake aweze tena kusimama dukani peke yake na kuamini anachokisoma.

Mwanzoni hata yeye alidhani tatizo ni udogo wa herufi. Alikuwa ameshaanza kuandika pendekezo la kuongeza kimo chake. Halafu akaenda na mama dukani kununua chakula kinachofaa, na hapo akaona kitu ambacho meza yake haikuwahi kumwonyesha. Mama hakushika kopo. Alisimama upande huu wa kaunta, muuza duka upande ule, na makopo yamepangwa kwenye rafu nyuma ya mgongo wa muuza duka. Mama akanyoosha kidole. Muuza duka akatoa, akatia kwenye mfuko, basi. Hakuna aliyeligeuza. Sheria yetu ilikuwa imeandikiwa mnunuzi anayeshika kopo, analigeuza na kusoma nyuma kwa utulivu, na mnunuzi huyo mtaani kwa mama hayupo. Huku kwetu wote walioketi mezani kuiandika walikuwa wameshika sampuli mkononi.

Palepale akatoa rula. Akaomba ruhusa, akapita upande wa ndani, akaanza kupima kutoka ukingo wa kaunta hadi kwenye rafu, anaihamisha ile rula fupi kidogo kidogo. Muuza duka akadhani ametumwa na watu wa kubomoa vibanda, akaanza kujieleza kwamba kibanda si chake, ni cha shemeji yake, na shemeji amesafiri. Mama ilibidi amtulize.

Wiki hiyohiyo likafunguliwa duka kwenye korido yetu. Rafu moja ya mbao, meza moja badala ya kaunta, na nafasi kati yake ni ileile ya dukani kwa mama. Kila lebo mpya iliwekwa kwenye rafu, na kila aliyekuwa akipita, awe mlinzi, mfagizi au mgeni wa mkurugenzi, aliitwa asimame upande wa pili na aseme wanauza nini pale. Ukisema sijaona, lebo inarudi kwao. Hapo ndipo mkuu wetu wa maabara, aliyekuwa akijisifu kwa macho ya ujana, alipoisoma kwa sauti ya kujiamini sentensi ndefu ambayo haikuwepo kabisa. Alinunua miwani siku ya pili. Anasema alikuwa amepanga kununua tangu zamani, nasi tunamwachia.

Pendekezo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza. Kila kopo na kila mfuko viandikwe mbele, chini tu ya jina, kama hiki ni chakula kamili au si chakula kamili, kwa herufi ambazo mtu aliyesimama upande wa pili wa kaunta anaweza kuzisoma. Jepesi kulieleza, gumu kulipitisha. Msemaji wa viwanda, bwana mmoja mcheshi mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, alisimama kwenye kikao cha kwanza akasema uso wa kopo ni wa kuuzia na mgongo ni wa kuelezea, na kwamba ofisi ya serikali haiwezi kubeba lawama za macho ya wazee. Watu wakacheka. Pendekezo likaanguka. Mara ya pili likapelekwa kwenye kamati ndogo, na ninyi wenyewe mnajua vitu vinavyopelekwa kwenye kamati ndogo hurudi lini.

Sisi wengine tungekuwa tumeshachoka. Tulimwambia hivyo, tena kwa nia njema, tukamkumbusha kwamba anakaribia kustaafu na amekwisha kufanya mengi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akamaliza chai yake, akarudi dukani kwake koridoni. Miaka yote hiyo simu za mama ziliendelea. Mpangaji alizidi kuzeeka, akawa anajua nyumba kwa masharubu yake. Na kopo la dhahabu liliendelea kuuzwa, na alama yetu ubavuni.

Mwaka jana pendekezo likarudi kikaoni kwa mara ya tatu. Kwa Bi Rula hiyo ilikuwa ya mwisho; likianguka, angeondoka huku muhuri wake ukiwa palepale kwenye kopo lile. Hakubeba takwimu wala hotuba. Alimwomba dereva ambebee rafu ya koridoni. Tukaipandisha ngazi mpaka chumba cha mikutano, tukahema kama punda, tukapanga juu yake makopo ya paka ya kila kiwanda, nyuso mbele. Yeye mwenyewe akasimama nyuma ya meza, mikono mezani, muuza duka kamili. Akawaambia wajumbe kwamba kila mmoja ana paka mmoja nyumbani, paka huyo hatakula kitu kingine isipokuwa atakachonunuliwa leo. Waje wanunue. Kushika hairuhusiwi, ni kunyoosha kidole tu kama dukani.

Wajumbe walitazamana. Msemaji wa viwanda, kwa kuwa ni mtu asiyependa kuonekana anaogopa, akawa wa kwanza kuinuka. Akasimama mbele ya meza, akaangalia rafu juu mpaka chini, akatoa tabasamu, akanyoosha kidole kwenye kopo la dhahabu lenye taji. Lilikuwa la kiwanda chake mwenyewe.

Bi Rula akalitoa, akaligeuza, akamkabidhi, mgongo wa kopo ukiwa mbele. Yule bwana akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Sisi tuliokuwa tumejibanza mlangoni tulikuwa tumeshikana mikono kama watoto. Kisha, na hapa tunampa heshima yake yote, akawageukia wajumbe akasema angeweza kubishana na mama huyu mpaka jua lizame, ila kubishana na kidole chake mwenyewe hawezi. Aliomba jambo moja tu, viwanda vipewe muda wa kumaliza lebo za zamani. Wakapewa. Pendekezo likapita bila mkono hata mmoja wa kupinga.

Tulishangilia, tusifiche. Dereva alipiga mluzi ndani ya chumba cha mikutano. Bi Rula yeye alianza kurudisha makopo kwenye boksi, moja moja. Alisema sheria imepita, lakini dukani haijafika.

Dukani imefika mwezi uliopita. Alimchukua mama yake, wakaenda kwenye duka lilelile. Muuza duka alipouona ule mkoba wa rula aliamkia kwa adabu mno, akauliza na hali ya wazazi na ya ofisi nzima. Mama akaegemea kaunta, akainua kidole kwa mazoea kuelekea kopo la dhahabu, maana taji bado lipo na bado linapendeza. Kidole kikasimama hewani. Akakaza macho. Akasoma kutoka pale aliposimama, polepole, kwa sauti: "Si chakula kamili." Halafu akakisogeza kidole kwa kopo la jirani, akasoma na lake, "Chakula kamili," akamwambia muuza duka, "Basi nipe hilo la pembeni." Hakumgeukia binti yake kumuuliza. Alilipia, akachukua mfuko wake, akaanza kuondoka, na Bi Rula ndiye aliyebaki amesimama pale kwenye kaunta.

Alitusimulia kesho yake kwenye chai. Alipofika kwenye kile kidole kilichosimama hewani alilia, tena bila kujificha, na sisi tukalia naye. Mkuu wa maabara alisingizia miwani yake.

Mpangaji hataona tena, na Bi Rula ametutaka tuliandike hilo waziwazi ili mtu asidhani kisa kimeisha kizuri kwa kila mmoja. Lakini yupo, ana afya, anakula chakula kilichokamilika, analala kwenye kiti chake, na kodi bado hajalipa. Simu za mama kazini zimepungua sana. Ilipolia wiki iliyopita tulinyanyuka wote, kumbe anauliza sherehe inaanza saa ngapi na kama aje na chai.

Wanaobaki katika Kitengo cha Lebo ni wanafunzi wake, na wanajua kazi. Rafu ya koridoni inabaki palepale, imeshaandikwa kwenye orodha ya vifaa vya ofisi, na wageni wa mkurugenzi wataendelea kuitwa wanunue chakula cha paka. Ile rula anaondoka nayo. Ametuomba tusiandike maelezo zaidi juu ya hilo, kwa sababu kisheria ni mali ya ofisi.

Tunamshukuru mumewe, fundi wa redio, mwanaume mwenye subira, aliyekula chakula kilichopoa miaka mingi kwa sababu mkewe alikuwa bado anasoma pakiti. Tunawashukuru wanawe waliokua wakijua tofauti ya "chenye" na "ladha ya" kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Tunamshukuru mama yake kwa chai, kwa kidole chake, na kwa kutuazima binti. Na wewe Bi Rula tunakushukuru kwa kila mfuko uliourudisha, kwa kila kuku uliyemtafuta, na kwa kuliweka kopo lile mezani Jumatatu ile, wakati ungeweza kulitupa tu na hakuna hata mmoja wetu angejua. Tulikupenda ulipokuwa ukitukera, na utatukera zaidi kwa kutokuwepo.

Siku ya sherehe mama atakaa mstari wa mbele, karibu na mlango ili apate hewa. Maneno yetu ya kuaga yameandikwa kwenye bango litakalotundikwa ukuta wa pili wa ukumbi. Tumeshakwenda kukaa kwenye kiti chake, mmoja baada ya mwingine, mkuu wa maabara akiwa amevua miwani, tukahakikisha kwamba kutoka pale linasomeka lote. Linasema hivi:

ASANTE, BI RULA. UENDE UKAISHI MAISHA MEMA.
MAMA, NA HILI LIMEPITA KWAKE.